Mbwa wa geti anapoingia ringi: maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Sasa mwalimu, mi niko Rongai na niko na German Shepherd wa kike, miezi 11, ana pepa za EAKC (East Africa Kennel Club, chama cha kusajili mbwa) manake jamaa aliyeniuzia alinipa zote. Kila mtu akimuona anasema huyu ni wa shoo za mbwa, basi nimeamua kumuingiza ile inayokuja Jamhuri Park. Shida ni kwamba sijawahi kushika mbwa kwa ringi (pale uwanjani jaji anapowaangalia) hata siku moja, alafu huyu amelelewa kama mlinzi, mtu akigonga tu geti anawaka. Usiku naangalia video za Crufts, ile shoo kubwa ya mbwa ya Uingereza, asubuhi namkimbiza kwa barabara na kumpanga miguu. Niko sawa? Ama nitafute hendla wa kulipa anishikie?
Msomaji, Rongai

JIBU: Poa mdogo wangu, na hongera kwa kufuatilia pepa mapema, kuna watu hukumbuka usajili wiki ya shoo ndo wanaanza kupiga simu huku na huku. Angalia tu kama umiliki umeshahamishwa kwa jina lako huko East Africa Kennel Club.

Sasa hizo video. Ni tamu kuangalia lakini zinakuonyesha ile sehemu rahisi. Kukimbia duara na kumsimamisha mbwa vizuri mtu anaweza kushika kwa wikendi chache, ata mtoto wa darasa la sita anaweza. Kitakachokutoa ringi ni zile sekunde jaji anakuja, anainama, anamshika mbwa wako kichwa na kumwangalia meno, manake huyo jaji hamjui, mara nyingi ametoka nchi nyingine kabisa, pengine amevaa kofia kubwa ya jua na miwani, na mbwa wako tangu akiwa papi amefundishwa na nyumba nzima kwamba mgeni ni adui. Akimrukia jaji, mnatolewa nje hapohapo, ata awe mrembo namna gani. Kwa hivyo mi ningekuambia hizo mbio za asubuhi zipunguze kidogo, muda huo uuweke kwa kuguswa.

Najua wengi mnaogopa kwamba mbwa akizoea kuguswa na watu ataacha kulinda. Haachi. Mbwa ana akili ya kujua kwamba usiku kwa geti ni kitu kimoja na mchana kando yako ukiwa umeshika kamba ni kitu kingine, cha muhimu ni wewe usimchanganye, kamba ya shoo iwe ni ya shoo tu, ukimvalisha anajua leo tunashikwashikwa na tunakula maini.

Anza na wewe mwenyewe. Simama ubavuni mwake, sio mbele, mkono mmoja uwe chini ya kidevu na mwingine juu ya pua, alafu kwa kidole gumba inua mdomo wa juu polepole bila kufungua taya, meno ya mbele yaonekane yakiwa yameumana, ya juu yakishuka mbele kidogo ya yale ya chini na kugusana nayo. Hesabu moja mbili, achia, mpe kipande cha maini. Usivute, usimkabe, na usimzibe pua manake hapo ndo wengi huanza kurudi nyuma na kichwa kuhepa. Akizoea hiyo ya mbele nenda ubavu wa kushoto, alafu wa kulia, manake German Shepherd majaji hupenda kuangalia hadi magego, mbwa mzima anatakiwa kuwa na meno 42 na kwenye hii bridi (aina ya mbwa) jino likikosekana linahesabiwa. Ukimaliza mdomo pitisha mikono mabegani, mgongoni, mapajani, mwisho mkia na kucha. Ukija kuwa na dume siku moja ujue pia ataguswa mapumbu, jaji lazima ahakikishe yako mawili na yameshuka, kwa hivyo hilo nalo hufundishwa nyumbani, lisiwe sapraizi.

Akitulia kwako mpe mtu wa nyumbani afanye hivyohivyo, alafu watu wa nje ambao mbwa hawajui: keateka, mama mboga, kijana wa boda akiwa amevua helmeti, kisha siku nyingine akiwa nayo. Wewe ndo unatoa maini wakati mgeni anashika, ili macho ya mbwa yabaki kwako. Mgeni aje kwa kutembea kawaida, anyooshe mkono anuswe, aguse, aondoke. Ikisikika ngurumo usimpige wala usimgombeze, hiyo ngurumo ni onyo, ukiifuta kwa kiboko utabaki na mbwa anayeuma bila kusema. Rudi nyuma hatua kadhaa, mgeni akae mbali zaidi, anzeni tena. Na kama anajaribu kuuma kwelikweli, hiyo shoo iache ipite, tafuta mtu anayejua mafunzo akusaidie na umvalishe kizuia mdomo mkifanya mazoezi, shoo ziko tu, zitarudi.

Sasa ya kusimama. Bridi nyingi husimama na miguu minne mraba, lakini German Shepherd ana staili yake: miguu ya mbele imenyooka chini ya mabega, mguu wa nyuma ulio upande wa jaji uko nyuma kiasi kwamba ile sehemu kutoka kifundo kwenda chini imesimama wima, na ule wa upande wako umeingia mbele kidogo chini ya tumbo. Kwa kuwa mnazunguka ringi kinyume na saa na mbwa yuko mkono wako wa kushoto, upande wa jaji ni ubavu wake wa kushoto. Watu wapya humvuta mguu nyuma sana ili mgongo uteremke, wanadhani ndo uzuri, mi siipendi na majaji wengi siku hizi hawaipendi pia, inamfanya aonekane kama anataka kukaa. Njia nzuri ni umtembeze ajisimamie mwenyewe, alafu urekebishe mguu mmoja tu kwa kuushika juu ya kifundo, sio kwa kidole cha chini.

Mwendo ni troti, ile mbio ya polepole. Ukienda polepole sana ataanza kutembea miguu ya upande mmoja kwa pamoja, ile anayumbayumba kama ngamia, na jaji anaiona haraka. Ongeza kasi hatua mbili tatu atabadilisha. Jizoeze pembetatu, kwenda na kurudi kwa mstari, na duara, na kokote mnakogeuka usijiweke kati ya mbwa na jaji, yeye amekuja kumwona mbwa. Kamba iwe nyembamba, ishikwe bila kuning'inia na bila kumnyonga, ile iliyobaki ikunje kwa kiganja.

Kuhusu hendla wa kulipa, wapo na wengine ni wazuri sana, lakini mbwa wako shida yake ni watu asiowajua alafu unataka umkabidhi kwa mtu asiyemjua katikati ya umati? Mshike mwenyewe. Ukitaka sana hendla basi aje kwenu mara kadhaa kabla, amlishe, watembee pamoja.

Kama kuna shoo nyingine kabla ya yako, nenda bila mbwa ukasimame kando ya ringi ya bridi yako, utaona jaji huwapa wote karibu muundo uleule wa kukimbia. Ndo maana siku yako usikimbilie kusimama wa kwanza kwenye mstari, kaa katikati uone wengine wanaambiwa nini, na umwachie wa mbele nafasi, kumfuata mbwa wa mtu kwa karibu ni tabia mbaya na kwa huyo wako ni hatari pia. Jaji akikuuliza umri wa mbwa, jibu umri tu, usianze kutaja baba yake alikuwa bingwa wa wapi. Beba kadi ya chanjo, maji mengi na kitu cha kivuli manake jua la saa sita pale uwanjani halina huruma, asubuhi umpe chakula kidogo tu, na familia waambie wasisimame kwa kamba inayozunguka ringi wakimwita jina, atavutika kwenda kwao badala ya kuangalia mbele, na waandaaji wengi hawaitaki hiyo tabia.

SWALI: Mwalimu mimi natoka Nakuru nina Labrador mweusi tii, nimeingia shoo ya kwanza ya maisha yangu. Nivae suti nyeusi? Nimeona mahendla wengi wanavaa suti.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Suti sawa, nyeusi hapana kaka. Mbwa mweusi mbele ya suruali nyeusi hapo jaji ataona macho na ulimi tu, mstari wa mgongo wote umepotea. Chukua kijivu cha kupauka, kaki au bluu ya mbinguni. Koti liwe na mfuko wa kuweka maini au soseji, viatu viwe bapa na visivyoteleza kwa nyasi, funguo na sarafu toa mfukoni zisilie ukikimbia, tai ukivaa ibane isimpige mbwa usoni ukiinama. Namba yako iwe mahali jaji anaiona bila kuitafuta. Na muoshe siku moja au mbili kabla, sio asubuhi ileile, manyoya ya Labrador yanatakiwa yawe yamerudi kulala vizuri na ule ugumu wake.

SWALI: Jambo dada, sisi ni watu wa Congo tunaishi Columbus, Ohio. Tuko na basenji wa kike, alishafungwa kizazi. Binti yangu wa miaka 10 anataka kushindana naye. Je, inawezekana ama tumechelewa?
Mama, Columbus

JIBU: Jambo mama, hamjachelewa kabisa. Huko Marekani, AKC (American Kennel Club, chama cha mbwa cha huko) hairuhusu mbwa aliyefungwa kizazi kwenye mashindano ya kawaida ya maumbile, lakini iko ile ya watoto, kuanzia miaka 9 mpaka kabla ya kufika 18, na hiyo wanamruhusu manake anayepimwa ni mtoto anavyoshika, sio mbwa. Mbwa awe wa mtoto au wa familia, na awe amesajiliwa.

Nafurahi ni basenji, mbwa wa kwenu kabisa, Waingereza walikuja kuwaonyesha Crufts 1937 wakiwa wametolewa Congo. Basenji habweki ringini lakini anaweza kutoa ule mlio wake wa kama kuimba, mwambie binti asicheke akapoteza mstari. Basenji hukaguliwa juu ya meza, kwa hivyo fanyeni mazoezi kwenye meza imara yenye zulia la mpira, mbwa akiteleza mara moja ataichukia meza. Binti ajifunze pia kubadilisha kamba kutoka mkono huu kwenda huu bila kukatiza mbele ya jaji, majaji wa watoto hupenda kuwatembeza mtindo wa herufi L ndo waone nani anajua kubadilisha. Kuna namba ya mshiriki mtoto ambayo AKC hutoa bure, iombeni sasa, fomu ya shoo itaihitaji.