Maswali ya Wasomaji: Umbo Linaloinuka Juu ya Kitambaa Bapa

SWALI: Ndugu Fundi, nina cherehani ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Nilichora chungwa kwa ajili ya foronya za mito ya kochi, nikalijaza uzi wa rangi moja, likatoka bapa kama sarafu. Nikaongeza rangi tatu kwa miduara iliyozungukana, na sasa linafanana na shabaha ya kulengea mishale. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, rangi nne zinakutosha kabisa, ulichokisahau ni kuamua mwanga unatoka upande gani. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaoshuka kutoka juu, kwa hiyo duara linalong'aa sehemu ya juu na kufifia kuelekea chini hulisoma kuwa kitu kilichovimba, na duara hilohilo ukiligeuza juu chini, hulisoma kuwa shimo. Miduara yako haionyeshi upande wowote wa mwanga, ndiyo maana jicho linaiona kuwa miduara tu. Sogeza doa jeupe kutoka katikati ulipeleke juu, kushoto au kulia kidogo, kisha acha rangi zikolee taratibu kuelekea upande wa pili. Kiza kizito kisifike ukingoni kabisa: pale chini bakiza utepe mwembamba wa rangi ya kati, kwa sababu chungwa lililowekwa mezani hupokea mwanga kidogo unaorudishwa na meza yenyewe. Utepe huo mdogo ndio unaolifanya tunda lizunguke.

Mpaka kati ya rangi moja na nyingine usiukate kwa mstari. Kwa uzi wa namba 40, ambao mafundi wengi wanautumia, mistari ya mishono ya kujaza hupangwa kwa umbali wa takriban milimita 0.4. Wewe tandaza kwanza rangi ya kati kwa umbali mkubwa zaidi, tuseme milimita 0.7, kisha juu yake pitisha rangi ya kiza inayoanza kwa milimita 0.6 na kuachana polepole hadi milimita 2, ili rangi ya chini ichungulie zaidi na zaidi mpaka ile ya juu itoweke. Ukirundika tabaka zote kwa msongamano kamili, kitambaa kitakakamaa na kukunjamana, na sindano haitachukua muda kuvunjika.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa mishono, na hapa ndipo wengi wanapoharibu hata rangi zikiwa sahihi. Mishono iliyonyooka yote kwa pembe moja humwambia mtazamaji kwamba hapo pana ukuta. Mishono ya chungwa inatakiwa ipinde kama mistari inayotenganisha vipande vya chungwa lililomenywa, ikianzia kwenye kikonyo, ikitanuka kiunoni na kukutana tena chini. Kumbuka pia kwamba uzi huvuta kitambaa kufuata urefu wa mshono, hivyo duara kamili kwenye skrini huweza kutoka kama yai. Ongeza fidia, yaani panua mchoro kwa milimita 0.2 hadi 0.4 upande unaovutwa, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile.

Kuhusu foronya, nina tahadhari moja niliyoipata kwa gharama yangu mwenyewe. Mito ya kochi hugeuzwa ovyo, na mto ukilala juu chini, chungwa lako linakuwa bakuli. Darizi kikonyo na jani, ili anayeipanga ajue juu ni wapi.

SWALI: Mteja wangu anataka shuka jeupe lenye maboksi yanayoonekana kama yamepangwa kwa ngazi, na uzi uwe mweupe huohuo. Je, inawezekana bila rangi ya pili? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Inawezekana, na kwa maoni yangu ni kazi ya heshima kuliko ile ya rangi nyingi. Boksi la namna hiyo huundwa kwa rombasi tatu, yaani maumbo ya almasi yenye pande nne zinazolingana, zenye pembe za digrii 60 na 120 (nasema digrii, maana nikisema nyuzi tutachanganyikiwa), zinazokutana kwenye nukta moja. Warumi wa kale waliitandaza ruwaza hii sakafuni, na ipo hadi leo Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Wao walihitaji mawe ya rangi tatu, ilhali wewe una mng'ao. Uzi wa rayoni au wa polyesta hurudisha mwanga tofauti kulingana na jinsi ulivyolala, kwa hiyo ukijaza kila rombasi kwa mishono yenye mwelekeo wake, yaani digrii 0, 60 na 120, uso mmoja utameremeta, mwingine utafifia na wa tatu utakaa katikati. Uzi wa pamba usiong'aa hautakupa matokeo hayo.

Kila mshono uwe na urefu wa milimita 5 hivi, kwa kuwa mishono mifupi hutobolewa mara nyingi na kupoteza mng'ao. Satini ndefu, yaani mshono unaovuka rombasi nzima kutoka ukingo hadi ukingo bila kutobolewa katikati, usiitumie kwenye shuka, kwani ikizidi milimita 7 hunasa kucha na kuchanika wakati wa kufua. Mweleze mteja mapema kwamba maboksi yataonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa dirishani unaopita ubavuni, na kwamba akizunguka kitanda, uso uliokuwa na kiza utaanza kung'aa.

SWALI: Si rahisi zaidi kuweka sponji chini ya uzi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Sponji ya milimita 2 au 3 huinua herufi kwelikweli, na kwenye kofia za kapelo hupendeza sana, mradi mishono ya satini iwe imesongamana karibu mara mbili ya kawaida ili iikate sponji pembezoni na kuificha. Lakini hapo unajenga umbo lenyewe, huchezi na jicho. Kwa shuka na foronya siishauri: nani atalaza shavu juu ya chungwa la sponji?