Mvuvi hanywi pombe, tumbo limejaa

SWALI: Mimi ni tabibu wa zahanati mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma. Nina mgonjwa mvuvi, miaka 34, kilo 60. Tumbo limemjaa, hasa kushoto. Hana manjano, na vipimo vya haraka vya malaria na homa ya ini B ni hasi. Majirani wanasema ni gongo, naye anaapa hanywi. Nimwanzishie furosemide, dawa ya kukojoza maji?

JIBU: Usimpe kwanza. Hakikisha kama ni maji. Mlaze chali, gonga kuanzia kitovuni kwenda ubavuni. Pale sauti inapokuwa nzito, acha kidole hapo hapo, mgeuze alalie ubavu wa pili, subiri nusu dakika, gonga tena. Sauti ikiwa nyepesi, ni maji. Isipobadilika, papasa bandama ukianzia chini kulia, kila anapovuta pumzi. Ukianzia juu, bandama kubwa utaipita bila kuigusa ncha.

Gongo husingiziwa mengi. Kwa mvuvi wa huko, bandama kubwa bila manjano inanifanya nifikirie kwanza kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama kwenye matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, makovu yanauzunguka, presha ndani ya mshipa huo inapanda, bandama inavimba na mishipa ya koo la chakula inatutumka. Seli za ini zenyewe huendelea kufanya kazi, ndiyo maana vipimo vya ini vinaweza kurudi safi na vikakudanganya. Choo pia: ugonjwa wa zamani hutoa mayai machache, hivyo chukua sampuli za siku tatu tofauti.

Dawa ni praziquantel miligramu 40 kwa kilo, mara moja, baada ya kula. Kwa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Inaua minyoo, makovu ya muda mrefu yanaweza kubaki, kwa hiyo mpeleke hospitali ya mkoa ya Maweni akapigwe ultrasaundi na, ikiwezekana, kuangaliwa koo la chakula kwa kamera.

Muulize kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Wavuvi wengi hunywa diclofenac kwa maumivu ya mgongo. Mkataze, pamoja na ibuprofen na aspirini, kwa sababu zinaweza kumfanya atokwe damu tumboni. Parasetamol isizidi gramu 2 kwa siku.

Akitapika damu: mlaze ubavu wa kushoto, weka kanula mbili kubwa za mshipani, mpe maji ya dripu taratibu hadi namba ya juu ya presha ifike karibu 90 (ukimjaza, damu itaongezeka), na aende hospitali na ndugu wa kuchangia damu.