Mwenye mafuta machache ndiye mwenye pumzi?

SWALI: Nina miaka 26, nakimbia kilomita 40 kwa wiki. Mzani wa umeme unanipa mafuta ya mwili asilimia 14. Mwenzangu, rika langu, asilimia 9. Kocha anasema yeye ana pumzi zaidi, lakini kwenye kilomita 10 namwacha kila mara. Mkweli nani, mzani au barabara?
Mkimbiaji, Mikindani

JIBU: Barabara. Kocha hakubuni, fomula ya kukadiria pumzi, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia, ipo, ya mtafiti Jackson na wenzake, 1990. Kwa mwanamume: chukua 56.376, jumlisha 1.589 mara alama ya mazoezi (0 hadi 7), toa 0.289 mara umri, kisha toa 0.552 mara asilimia ya mafuta. Alama yenu nyote ni 7. Wewe unapata 52.3, mwenzako 55.0, yaani mililita za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Mmepishana chini ya 3, na fomula yenyewe hukosea kama 5 juu au chini!

Tena alama 7 hupewa yeyote anayepita kilomita 16 kwa wiki, kwa hiyo wa 20 na wa 120 wamo kapu moja. Ilitengenezwa kwa watu wa kawaida, ambao kwao mafuta hutenganisha mkimbiaji na mkaa kitini. Ninyi wembamba mnatofautishwa na damu ambayo moyo husukuma kila pigo na wingi wa himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mzani hauyaoni hayo.

Na hiyo 14 ulipimwa lini? Mzani hupitisha umeme hafifu, ambao hupita vizuri kwenye maji na kukwama kwenye mafuta. Ukipanda umetoka jasho la Mtwara, maji yamepungua, unaweza kusomewa mafuta ya bandia. Pima alfajiri, umetoka msalani, hujanywa kitu, nyayo kavu.

Pumzi ipimeni kwa miguu: saa 12 asubuhi, kabla ya joto, njia tambarare iliyopimwa kwa utepe. Pasheni dakika 15, kimbieni dakika 12 kwa uwezo wote. Mita ulizopata toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Mita 3,000 ni 55.8. Kosa la wengi ni kufyatuka mwanzoni na kuburuta miguu dakika za mwisho. Matokeo hayo yatupe, rudia baada ya siku tatu.

SWALI: Nikipunguza kilo 2, pumzi itaongezeka?
Msomaji, Lindi

JIBU: Kwa hesabu, ndiyo. Lita 3.6 za oksijeni kwa dakika kwa mtu wa kilo 64 ni mililita 56 kwa kila kilo. Akiwa na kilo 62 ni 58. Injini haikukua, mzigo ndio umepungua. Ila ukijinyima ugali wiki za mazoezi magumu, msuli nao utaondoka, na lita zenyewe zitashuka.