Kabla hujamtimua fundi aliyenuna, angalia daftari la mishahara

Mkuu, umeuliza umfanyeje fundi anayejua kazi kuliko wote, ila kisirani chake kimewaingia wenzake hadi uzalishaji umeshuka. Wengi humu wamekujibu "timua". Mimi niliwahi kusimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Dar, tukiwa watu kumi na mmoja, na nusura nitimue.

Mtu wetu wa oveni alikuwa hakosei moto. Ghafla akaanza kununa. Salamu anaitikia kwa mguno. Ukimwambia oveni iwe tayari saa 6, inakuwa tayari saa 6 na nusu, na hajagombana na mtu. Ofisini nusu saa si kitu, lakini unga wenye hamira haumngoji mtu. Unaumuka hadi kupitiliza, ukiugusa kwa kidole unanywea, na mkate unatoka bapa. Trei tatu nne kila usiku zikawa zinaishia kwa wafuga kuku.

Wakandaji wakaona wanalaumiwa bure, nao wakapunguza mwendo: "Tukimbilie wapi na oveni ya baridi?" Kulikuwa na kijana aliyezoea kufika mapema na kupaka kopo mafuta bila kutumwa. Usiku mmoja nikamkuta amekaa juu ya kiroba cha ngano anachezea simu, anangoja saa yake ifike. Hakuna aliyemfundisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikampa yule wa oveni barua ya onyo. Akasaini bila kuisoma. Ilipofika saa 8 usiku, muda wa chai na mkate wa kwanza, vikombe vilipangwa kumi. Changu hakikuwepo.

Mama mmoja mkandaji ndiye aliyenivuta pembeni: "Mwanangu, umemuuliza habari ya hela ya usiku?"

Sikuwa nimeuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ilipiwe nyongeza isiyopungua 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kwetu hiyo nyongeza haikuwahi kulipwa. Jamaa aliidai ofisini mara mbili, akaambiwa kama hataki, geti liko wazi.

Bosi alifoka, lakini akalipa, malimbikizo kwa awamu mbili. Oveni ikarudi saa 6. Jamaa mwenyewe hakunichekea hata siku moja, na sikumdai kicheko.

Sisemi kila mwenye kisirani anadai. Tulikuwa na mfungaji mikate aliyelipwa kila senti na bado akaishi kwa majungu, huyo tulimwondoa. Ila kwa utaratibu: sababu ya kweli, tuhuma kwa maandishi, akasikilizwa. Ukiruka hatua hizo, ana siku 30 za kukupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, na huko utalipa kuliko hizo trei.

Huyu mfungaji alikuja hivyo tangu siku ya kwanza. Yule wa oveni alibadilika. Wako je, alianza kununa mwezi gani, na mwezi huo ofisi ilimjibu nini?