Vidonda vya tumbo: pima kwanza, gome baadaye

Maswali ya mitishamba na vidonda vya tumbo yamezidi mengine yote. Nachukua haya.

Nachemsha gome la mwarobaini kila asubuhi. Watafiti wamethibitisha linatibu vidonda, sivyo? – Msomaji, Nkuhungu

Kaka, tuelewane kwanza juu ya huko kuthibitisha. Katika tafiti nyingi za aina hii, panya wa maabara hunyweshwa dawa ya mmea, kisha hupewa spiriti au indomethasini, dawa ya maumivu, ili tumbo lichubuke. Aliyetangulia kunywa dawa akikutwa na michubuko michache, mmea unahesabiwa kuwa unakinga. Ni kazi ya maana, kwa kuwa huonyesha kama mmea unaongeza ute wa tumbo au unapunguza tindikali. Lakini panya huyo alikunywa kabla ya kuumia, na kilichomuumiza ni spiriti au dawa hiyo. Wewe unaumwa tayari, na huenda chanzo chako ni Helikobakta pailori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimtambua huko Perth, Australia, mwaka 1982, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Upo utafiti mdogo wa India uliofanywa kwa watu, na gome la mwarobaini lilipunguza tindikali kweli. Omeprazoli, dawa ya hospitali, nayo hupunguza tindikali, na peke yake haimalizi bakteria. Tena wale walitumia unga wa dondoo uliopimwa kwa miligramu. Sufuria ya nyumbani haina kipimo hicho. Nenda kapime.

Mshubiri ninywe vijiko vingapi? – Chang'ombe

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi kama amepima, ana umri gani, wala kama ni mjamzito. Siwezi kumpa kijiko mtu nisiyejua anaumwa nini. Ule utomvu wa njano chini ya ganda huharisha vibaya, na mjamzito asiuguse kabisa.

Maziwa je?

Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo linatoa tindikali zaidi.

Mama yangu analima Kibaigwa. Mgongo ukimuuma anameza diklofenaki za dukani, na tumbo limeanza kumchoma. Mnadani kauziwa dumu la mizizi, muuzaji anasema amesajiliwa. Aendelee? – Binti yake

Mwanangu, umeshataja chanzo mwenyewe. Diklofenaki, asprini na ndugu zao huzuia kemikali zinazolifanya tumbo litengeneze ute wa kujikinga. Wazee wetu wanazimeza msimu mzima wa kilimo, mara nyingi bila chakula, na duka linawauzia bila kuuliza neno. Hili linaniumiza kuliko dumu la mizizi. Mama aziache, na amweleze daktari habari ya mgongo ili apewe dawa nyingine. Kama aliandikiwa asprini kwa ajili ya moyo, asiiache kabla ya kumwona daktari.

Kuhusu dumu: tangu Sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga anayejisajili anastahili heshima. Ila kusajiliwa kwa mganga hakumaanishi kila anachouza kimepimwa kwa wagonjwa wa vidonda. Aliache mpaka apimwe. Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, mpelekeni hospitali usiku huohuo, msisubiri kupambazuke.

Mlenda unatibu? Ute wake si ndio kinga? – Bahi

Uleni, ni mboga nzuri. Ute wa mlenda haugeuki kuwa ute wa tumbo.

Nilikutwa na bakteria, nikapewa dawa za siku 14. Siku ya tano maumivu yameisha. Nihamie mlonge? – Makole

Hapana. Maumivu huisha mapema kwa sababu tindikali imepungua, bakteria bado wapo. Ukikatisha, watakaobaki ni wale sugu, na safari ijayo antibiotiki hizo zinaweza zisikusaidie. Malizia zote 14. Subiri angalau wiki nne baada ya antibiotiki, na wiki mbili bila omeprazoli, ndipo urudie kipimo cha choo. Usikubali kipimo cha damu kwa kazi hiyo, maana kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi hata baada ya kupona.