Spika za honi ya konokono: anza na jedwali, umbo baadaye

Wanaoniuliza kuhusu spika zangu za honi ya konokono karibu wote huanza na umbo: ule mzunguko niliuchoraje? Huwajibu kwamba umbo ndilo jambo la mwisho. Honi ni njia ya hewa ambayo eneo lake hupanuka hatua kwa hatua kutoka kooni, mwanzo wake mwembamba, hadi mdomoni, mwisho wake mpana, na hesabu yake hufanywa honi ikiwa bado imenyooka kwenye karatasi. Ukishaipata hesabu hiyo, ikunje utakavyo. Ukitanguliza mzunguko unaopendeza macho, utapata sanduku zuri lisilo na besi.

Draiva, yaani kile kipande cha spika chenye koni inayotikisika na kutoa sauti, ikiwa moja ya masafa yote haihitaji krosova, kifaa cha kugawa masafa kati ya draiva kadhaa. Mwimbaji, gitaa na matoazi vyote hutoka sehemu moja, na kwangu hakuna mpangilio mwingine unaofanya sauti ya binadamu isikike hai kiasi hicho. Udhaifu wake ni besi. Koni ya inchi nne husukuma hewa kidogo, na draiva zenye sumaku kubwa na koni nyepesi, ambazo ndizo nizipendazo, besi yake huanza kushuka mapema. Honi ya nyuma huichukua sauti ya mgongoni mwa koni na kuikuza ifikie ile ya mbele. Kwa hiyo tafuta draiva yenye Qts ndogo, kati ya 0.2 na 0.4; Qts ni kipimo cha jinsi mtikisiko wa koni unavyodhibitiwa, na ikiwa ndogo udhibiti ni mkali. Yenye 0.7 iachie sanduku la kawaida, maana ndani ya honi besi yake huvuma tu. Tetsuo Nagaoka wa Japani alichora miundo mingi ya honi za nyuma kwa draiva ndogo za kampuni ya Fostex, na kuichunguza ni darasa tosha, ingawa yeye alikunja kwa mbao zilizonyooka.

Sasa hesabu. Katika honi ninayoizungumzia, eneo huongezeka maradufu kila baada ya umbali uleule, na umbali huo hutegemea masafa ya chini unayoyalenga. Kasi ya sauti ikiwa mita 344 kwa sekunde, ukilenga 60 Hz eneo hujirudufu kila sentimita 32 hivi. Ukilenga 40 Hz, kila sentimita 47. Chukua koo la sentimita za mraba 50, ambalo linakaribiana na eneo la koni ya inchi nne, na ulenge 40 Hz. Eneo litapanda 100, 200, 400, hadi 800 kwenye urefu wa sentimita 190 hivi. Kina cha ndani cha sanduku kikiwa sentimita 20 mwanzo hadi mwisho, upana unaanza na 2.5, kisha 5, 10, 20, na mdomoni 40. Hilo ndilo jedwali lako. Lijaze kwa kila sentimita kumi.

Hapa ndipo spirali huwapoteza wengi. Ile ya gamba la konokono, ambayo kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliotangulia kwa uwiano uleule, inaonekana kana kwamba imeshakufanyia kazi. Haijafanya. Urefu wa njia nao hukua kwa uwiano huohuo, kwa hiyo ukifuata njia, upana unaongezeka kwa kiasi kilekile kila hatua, bila kujirudufu. Kina kisipobadilika, eneo nalo ni hivyo hivyo, na hiyo ni honi nyingine kabisa na uliyoikokotoa. Spirali ambayo nafasi kati ya kuta zake haibadiliki ndiyo mbaya zaidi: hilo ni bomba tu. Chora mstari wa katikati, ulaze uzi juu yake kupima urefu, tia alama kila sentimita kumi, na kwenye kila alama pima nusu ya upana kila upande. Unganisha alama kwa ufito unaopinda. Ukiona kuta zinagongana, sogeza mstari wa katikati, upana usiuguse.

Kuta nazijenga kwa plaiwudi ya milimita 3, tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi ya mbao juu ya kalibu. Tabaka moja hupinda vizuri lakini litatetemeka na kuimba lenyewe. Chimba mfereji kwenye ubao wa upande mmoja ili ukuta ukae ndani yake, kisha kabla ya kufunga ubao wa pili washa taa ndani, zima za chumbani, na uangalie maungio ya upande ule wa kwanza. Mwanga unapopenya, hewa inapenya. Tundu dogo karibu na koo hudhuru kuliko kubwa karibu na mdomo, kwa sababu shinikizo liko kooni.

Chemba nyuma ya draiva ndiyo inayozuia masafa ya kati yasiingie kwenye honi. Kwa koo letu, lita moja na nusu hadi mbili na nusu panatosha kuanzia. Ukiipanua, honi itanyamaza mapema zaidi. Weka sufi kidogo humo na kwenye mzunguko wa kwanza, basi. Ukijaza honi sufi, umeiua.

Kuhusu mdomo sitaki kukudanganya. Sentimita za mraba 800 ni ndogo kwa 40 Hz. Spika ikiwekwa kwenye kona, sakafu na kuta mbili huufanya mdomo ufanye kazi kana kwamba ni mara nane, na hata hivyo honi inashika sawasawa kuanzia 120 Hz hivi. Chini ya hapo besi ipo, ila ina vilima na mabonde. Paul Klipsch wa Marekani aliijenga spika yake ya honi, Klipschorn, mwaka 1946, kwa ajili ya kona ya chumba kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo elekeza mdomo konani, kisha sogeza spika sentimita chache chache huku ukipiga mlio unaopanda kutoka 30 hadi 300 Hz, mpaka vilima vipungue.

Chini ya 40 Hz honi haiishiki tena koni, na koni huanza kuruka ovyo. Kata masafa hayo kwenye amplifaya kabla hujaongeza sauti.