Maswali yenu: "inconsiderate" ni tusi au?

Jamani wiki hii maswali karibu yote yameangukia kwenye neno moja, twende nayo.

Bosi wetu mzungu kaniandikia "it was inconsiderate of you", je nimetukanwa? (Dada wa Capri Point)

Hujatukanwa dada, umesemwa. Anamaanisha ulichofanya hukuwafikiria wenzako, na anaongelea tukio hilo tu. Angeandika "you are inconsiderate" hapo ndo angekuwa anaisema tabia yako nzima. Ukiinakili kwenye barua zako iache hiyo "of", usiweke "for", wengi wanaboronga hapo.

Si sawa na "rude" tu? (Nyegezi)

Hapana. Rude ni kukosa adabu, kujibu mkato, kumfokea mtu. Aliye inconsiderate anaweza kuwa na shikamoo zote na bado akakuudhi. Nenda soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza asubuhi, utakuta mtu kaegesha guta katikati ya njia anabishana bei ya dagaa taratibuu, nyuma yake mama ana tenga la samaki kichwani linachuruza maji mpaka shingoni, akiambiwa asogee anacheka "samahani mama", anasogeza guta kidogo halafu anarudi kwenye bei yake. Katukana mtu? Wala. Ila ni inconsiderate mia kwa mia.

Na madereva wanaoturushia matope huku Igoma? (Mwenda kwa miguu)

Hao ndo wenyewe! Uingereza neno hili limo hadi kwenye sheria yao ya barabarani ya 1988, kifungu cha 3, kuendesha bila kuwajali wengine barabarani ni kosa, na kumwagia mpita njia maji ya dimbwi kunaweza kukupeleka mahakamani. Huku kwetu unaenda kufua suruali.

"Considerable" ndo kinyume chake? (Mwanafunzi wa Form Two)

Hapana, hiyo ni kubwa au nyingi kiasi. Kinyume ni considerate.

Mpangaji mwenzangu anapiga pasi nguo za wiki nzima, luku tunachanga sawa. Nimwite inconsiderate? (Mabatini)

Mwambie kwa Kiswahili bwana, ukimrushia neno refu hivyo ataona unamringia na umeme utazidi kuisha. Kama huwa mnachati Kiingereza basi tanguliza "a bit", Waingereza wenyewe huipooza hivyohivyo. Ukiweka "very" anza kutafuta hela ya submita yako.